Ofa imekubaliwa, faili limelala kwa wakili

Ofa imekubaliwa, dalali amepiga simu kukupongeza, benki imeshasema mkopo unakuja, kisha wiki zinaanza kupita bila neno kutoka kwa wakili. Ukipiga simu, karani anakwambia bado wanasubiri. Ukiandika barua pepe, jibu linakuja siku ya nne, nalo ni lile lile. Wengi wanaonunua nyumba Uingereza kwa mara ya kwanza hufika hapa, na kosa lao huwa ni kuanza kugombana kabla ya kujua kinachosubiriwa ni nini.

Ni nadra faili la nyumba kukwama lote. Mara nyingi limekwama kwenye karatasi moja au mbili, zilizo mezani kwa mtu fulani tangu tarehe fulani. Ukishaijua karatasi, mtu na tarehe, unajua pa kusukuma. Yote ninayoeleza hapa yanahusu England na Wales, maana Scotland na Ireland Kaskazini zina taratibu zao.

Kwanza ujue kwa nini muda una uzito. Huku, ofa iliyokubaliwa haimfungi mtu. Sheria ya mwaka 1989 inataka mkataba wa kuuza ardhi au nyumba uwe wa maandishi, wenye masharti yote, na utiwe saini na pande zote mbili. Mpaka mikataba ibadilishwe, yaani mawakili wapeane mikataba iliyotiwa saini, muuzaji anaweza kumpokea mnunuzi mwingine mwenye bei nzuri zaidi, nawe ukabaki umeshalipia wakili, upekuzi wa rekodi za nyumba na eneo lake, na mkaguzi wa jengo. Na wakati unasubiri, karatasi ulizonazo zinachakaa. Ofa ya mkopo kwa kawaida ina uhai wa miezi 3 hadi 6. Matokeo ya upekuzi, benki hutaka yawe hayajapita miezi 6 siku ya kukamilisha, yaani siku ya kumaliza malipo na kupata funguo. Kwa hiyo faili likilala sana, mambo uliyokwisha kuyalipia yanaanza kudai malipo upya.

Anzia kwako mwenyewe

Hili halipendezi kusikia, lakini kuchelewa kwingi kwa wiki za mwanzo kunatoka kwa mnunuzi, na sehemu kubwa ni pesa. Kanuni za mwaka 2017 za kuzuia utakatishaji wa fedha zinamlazimisha wakili akujue wewe ni nani, na ajue pesa zako zimetoka wapi. Kumwonyesha kwamba pesa zipo kwenye akaunti hakutoshi. Anataka kuona zilivyofika hapo.

Chukua taarifa ya benki ya miezi 6. Mshahara unaingia kila mwezi, akiba inapanda, kila kitu kinaeleweka. Halafu katikati kuna mstari mmoja: pauni 4,000 zimeingia kutoka kwa mtu asiyefahamika kwenye faili. Kwako ni binamu amekurudishia deni. Kwa wakili ni swali ambalo hawezi kuliruka: ni nani huyu, alikuwa anadaiwa nini, na yeye alizipata wapi? Wewe unajibu kwa simu, anasema anahitaji maandishi. Binamu yuko safarini. Siku kumi zimekwenda kwa mstari mmoja. Kabla hujatuma taarifa zako, zipitie kwa kalamu, uzungushie kila kiasi kikubwa kisicho mshahara, na uandike maelezo ya kila kimoja pamoja na ushahidi wake. Tuma vyote kwa mkupuo mmoja, siku ya kwanza.

Pesa ya zawadi ina masharti yake. Anayekupa lazima aandike kwamba si mkopo na kwamba hatadai sehemu ya nyumba, atoe kitambulisho, na aonyeshe taarifa zake za benki. Wakili naye anapaswa kuiarifu benki inayokukopesha, na baadhi ya benki zinakubali zawadi ya jamaa wa karibu tu. Kama sehemu ya pesa imetoka nyumbani Afrika Mashariki, anza kukusanya mapema zaidi. Ukiuza kiwanja, weka mkataba wa mauzo na uthibitisho wa malipo kuingia benki. Pesa za chama zinahitaji barua ya viongozi, orodha ya michango yako na taarifa ya akaunti ya chama. Nyaraka zilizoandikwa kwa Kiswahili huenda zikahitaji tafsiri iliyothibitishwa, na mtafsiri naye ana foleni. Pesa taslimu ndizo ngumu kuliko zote. Shilingi zilizobebwa mkononi zikaingizwa benki bila karatasi zinaweza kumfanya wakili akatae kuendelea, na atakuwa ndani ya sheria.

Jingine linalowakuta watu wetu mwishoni kabisa ni nyumba waliyonayo nyumbani. Ushuru wa stempu wa England, ile kodi ya kununua nyumba, unaangalia umiliki popote duniani. Kama umewahi kumiliki nyumba ya kuishi Mombasa au Arusha, hata kama ilikuwa ya urithi, hupati nafuu ya mnunuzi wa mara ya kwanza. Na kama bado unayo, ikiwa na thamani ya pauni 40,000 au zaidi, ununuzi wako unaweza kuingia kwenye kiwango cha nyumba ya ziada, ambacho tangu 31 Oktoba 2024 kinaongeza asilimia 5 juu ya bei yote. Kwa nyumba ya pauni 250,000 hiyo ni pauni 12,500 za ziada. Mwambie wakili siku ya kwanza. Likiibuka wiki ya kubadilishana mikataba, hesabu zote zinavunjika na faili linasimama.

Kama unatumia Lifetime ISA, akaunti ya akiba yenye nyongeza ya serikali, wakili ndiye anayeiomba taasisi ya akiba itoe pesa, na taasisi ina hadi siku 30 kuzitoa. Baada ya hapo ununuzi uwe umekamilika ndani ya siku 90. Ukizitoa mwenyewe kwa haraka zako, unakatwa asilimia 25.

Upekuzi

Hapa sitakaa sana. Wakili wako huagiza upekuzi wa halmashauri, ambao fomu zake zinaitwa LLC1 na CON29, upekuzi wa maji na mifereji, na wa mazingira. Kwenye maeneo ya migodi ya zamani huongeza wa makaa ya mawe. Halmashauri nyingine hujibu kwa siku chache, nyingine kwa wiki kadhaa, na wakili hana uwezo wa kuziharakisha. Anachoweza kuchelewesha ni kuagiza. Ofisi nyingi haziagizi mpaka umelipa pesa ya upekuzi, na nyingine husubiri ofa ya mkopo itoke kwanza. Lipa siku ile ile uliyoombwa, kisha uliza: umeagiza tarehe gani?

Hoja, mahali wiki zinapopotelea

Wakili wa muuzaji huleta rasimu ya mkataba, nakala za hati kutoka HM Land Registry, yaani masjala ya ardhi, na fomu alizojaza muuzaji: TA6 kuhusu nyumba yenyewe, TA10 kuhusu vitu vinavyobaki. Wakili wako anazisoma na kuandika hoja, yaani maswali, na yanaweza kufika ishirini au thelathini. Kila swali linatoka kwa wakili wako kwenda kwa wakili wa muuzaji, kutoka hapo kwenda kwa muuzaji, halafu jibu linarudi njia ile ile. Kila kituo kina foleni yake.

Tazama hoja moja tu. Kwenye TA6 muuzaji ameandika kwamba mwaka 2011 ukuta kati ya jikoni na sebule uliondolewa. Hakuna cheti cha halmashauri cha kukamilika kwa kazi. Wakili wako anakiomba. Muuzaji anapekua kabati lake wiki mbili, kisha anajibu kwamba hakioni. Sasa njia ni tatu. Nakala iombwe halmashauri, kama cheti kiliwahi kutolewa. Au muuzaji aombe halmashauri ikague sasa na kuhalalisha kazi ya zamani, jambo linaloweza kula miezi. Au muuzaji anunue bima ya fidia, ambayo hupatikana kwa siku moja na ndiyo njia inayotumika mara nyingi.

Hapa pana mtego. Mnunuzi aliyechoka kusubiri huamua kupiga simu halmashauri mwenyewe kuulizia ule ukuta. Akishafanya hivyo, kampuni ya bima inaweza kukataa kabisa, kwa sababu bima hizi hutolewa kwa sharti kwamba halmashauri haijashtuliwa. Usiwasiliane na halmashauri kuhusu kazi isiyo na cheti kabla ya kuzungumza na wakili wako.

Na hata ukiipata, jua bima inafanya nini. Inalipa hasara ikiwa halmashauri itachukua hatua. Haishikilii dari. Kama ukuta ulikuwa umebeba uzito, mlipe mhandisi wa miundo aje aangalie kama boriti iliwekwa na kama inatosha. Hiyo ni pesa iliyotumika vizuri, na unaweza kuifanya wakati karatasi nyingine zinazunguka.

Hoja za kawaida nyingine ni madirisha yaliyobadilishwa tangu Aprili 2002 bila cheti cha FENSA (mpango wa wafungaji madirisha), boila iliyofungwa bila karatasi ya fundi wa Gas Safe (rejista ya mafundi wa gesi), na nafasi ya chini ya paa iliyogeuzwa chumba. Mwambie dalali, siku ofa inapokubaliwa, amwombe muuzaji aanze kuvitafuta vyeti hivyo mara moja, asisubiri kuulizwa.

Kama ni fleti, ongeza subira na maswali

Fleti nyingi huuzwa kwa umiliki wa muda: unapata miaka 125 au 999, ardhi inabaki ya mwingine, na kuna wakala anayesimamia jengo. Wakili wako anahitaji pakiti ya wakala huyo, ambayo msingi wake ni fomu ya LPE1: ada ya huduma, madeni, mfuko wa akiba, bima ya jengo, matengenezo yanayokuja. Wakala hatoi pakiti bila kulipwa, na anayelipa kwa kawaida ni muuzaji. Wauzaji wengi husubiri mpaka waulizwe. Hivyo swali la kwanza kabisa kwa fleti, kabla hata hujamlipa mkaguzi, liwe hili: pakiti imeshalipiwa?

Kwa majengo ya England yenye urefu wa mita 11 au ghorofa 5 na kuendelea, Sheria ya Usalama wa Majengo ya 2022 imeleta vyeti viwili vipya, kimoja cha mwenye fleti na kingine cha mwenye ardhi. Mwenye ardhi amepewa wiki 4 kukitoa baada ya kuarifiwa kwamba fleti inauzwa. Benki inaweza pia kudai fomu ya EWS1 kuhusu usalama wa kuta za nje dhidi ya moto. Baadhi ya mawakili hawashughulikii majengo ya aina hii kabisa, na inauma sana kuligundua hilo mwezi wa pili. Uliza kabla ya kumwajiri.

Mnyororo nao una mambo yake, na mengi hayamhusu wakili wako. Muuzaji wako ananunua kwa mtu ambaye naye ananunua kwa mwingine, na wote watabadilishana mikataba siku moja. Dalali ndiye anayejua nani yuko nyuma. Muulize pia maswali mawili ambayo watu husahau. La kwanza, mwenye nyumba yu hai? Kama ni nyumba ya marehemu, haiwezi kukamilishwa mpaka mahakama itoe kibali cha mirathi. La pili, jina la muuzaji limeshaingia kwenye rejista? Kama alinunua karibuni, maombi yake yanaweza kuwa bado kwenye foleni ya HM Land Registry. Hilo lina dawa: wakili wake anaweza kuomba yaharakishwe kwa sababu mauzo yanasubiri, na hakuna ada.

Namna ya kuuliza

Simu tano kwa wiki hazisaidii. Kila moja inamtoa karani kwenye kazi ili aandike kwamba umepiga. Andika barua pepe moja kwa wiki, katikati ya wiki asubuhi. Ijumaa na siku za mwisho wa mwezi ndizo nyumba nyingi hukamilishwa, na huko ofisini hakuna atakayekusoma. Weka namba ya faili na anwani ya nyumba kwenye kichwa cha barua. Kisha:

"Naomba orodha ya hoja ambazo hazijajibiwa. Kwa kila moja, naomba kujua iko kwa nani, iliulizwa tarehe gani, na ilikumbushwa mara ya mwisho lini. Je, kuna chochote mnachosubiri kutoka kwangu au kutoka benki? Kati ya hoja zilizobaki, zipi ni masharti ya benki, na zipi naweza kuamua mwenyewe kuzikubali zilivyo? Ofa yangu ya mkopo inaisha tarehe hii."

Swali la mwisho ndilo lenye nguvu. Wakili wako anafanya kazi ya wawili: yako na ya benki. Mambo mengine benki imeyawekea masharti ya maandishi na hayana mjadala. Mengine ni hatari ndogo ambayo wewe, ukielezwa, unaweza kuamua kuibeba: karatasi ya dhamana ya boila ya miaka kumi iliyopita, kwa mfano. Hoja nne zinazozunguka kwa mwezi mzima zinaweza kubaki moja siku ile ile ukiandika kwamba umeelewa na umekubali tatu.

Mtumie dalali pia. Halipwi mpaka nyumba ikamilike, kwa hiyo ana sababu ya kumsukuma muuzaji na wakili wake. Unaruhusiwa hata kuzungumza na muuzaji mwenyewe. Mara nyingi kila upande umeambiwa kwamba mwingine ndiye anayechelewesha, na mazungumzo ya dakika tano yanaonyesha bahasha iko wapi.

Wakili akiwa kweli ndiye tatizo

Kuna wakati karatasi iko kwake, na imekaa. Hujajibiwa kwa wiki mbili, au majibu yalifika na hayajasomwa. Hapo usiendelee kumwandikia yule yule. Barua uliyopewa ulipomwajiri inataja msimamizi wa faili na mtu anayepokea malalamiko. Mwandikie msimamizi kwanza, ukitaja tarehe tu: majibu yalifika siku hii, nimeuliza siku hizi, sijajibiwa. Mara nyingi hatua hii pekee inaliamsha faili.

Ikishindikana, andika malalamiko rasmi. Ofisi ina wiki 8 kutoa jibu la mwisho. Usiporidhika unakwenda Legal Ombudsman, chombo huru cha malalamiko dhidi ya mawakili, ndani ya miezi 6 tangu jibu hilo na ndani ya mwaka mmoja tangu kosa lenyewe. Inaweza kuamuru fidia ya hadi pauni 50,000, ingawa kwa kuchelewa kwa kawaida fidia huwa ndogo mno kulinganisha na hapo. Wizi, uongo au ukiukaji wa maadili hupelekwa kwa mdhibiti: Solicitors Regulation Authority kwa masolisita, Council for Licensed Conveyancers kwa wale wenye leseni ya kuhamisha umiliki. Njia hizi zinakupa haki baadaye. Haziharakishi nyumba wiki hii.

Kubadili wakili kunawezekana, lakini hesabu kwanza. Utalipia kazi iliyokwisha kufanyika, na wa zamani anaweza kulishikilia faili mpaka umlipe. Kitambulisho na chanzo cha pesa vitakaguliwa upya. Wakili mpya lazima awe kwenye orodha ya mawakili wanaokubaliwa na benki yako. Atasoma kila kitu tangu mwanzo na atakuwa na hoja zake mwenyewe. Maoni yangu: badilisha mwezi wa kwanza ukiona dalili mbaya. Ukishabaki na hoja mbili tatu, kaza na msimamizi na umalize.

Kubadilishana, kukamilisha, na baada ya hapo

Mikataba hubadilishwa kwa simu kati ya mawakili, na tarehe ya kukamilisha huandikwa humo. Hapo ndipo tarehe inakuwa ya kweli. Usimpe mwenye nyumba wako notisi ya kuhama, wala usilipie gari la mizigo, kabla ya siku hiyo. Amana, kwa kawaida asilimia 10 ya bei, iwe imeshafika kwa wakili. Bima ya jengo ianze siku hiyo hiyo, maana chini ya masharti ya kawaida ya mauzo hatari ya nyumba ni yako tangu mikataba ibadilishwe. Benki nyingi huomba karibu siku 5 za kazi kabla ya kutuma mkopo, hivyo kutaka kubadilishana Jumatatu na kupata funguo Jumatano ni kutafuta mshtuko.

Kabla hujatuma amana, piga simu kwa namba uliyoichukua mwenyewe mwanzoni, usomewe namba ya akaunti. Matapeli huingia kwenye barua pepe na kutuma ujumbe wa akaunti "mpya" wakati huo huo ambao umechoka na una haraka.

Upande wa muuzaji ukishindwa kukamilisha siku iliyoandikwa, wakili wako anaweza kutoa notisi ya siku 10 za kazi, na kuchelewa kuna gharama kwa aliyechelewa.

Ukishapata funguo, faili bado liko wazi. Ushuru wa stempu uwasilishwe ndani ya siku 14 England, na kodi inayolingana nao kule Wales ndani ya siku 30. Maombi ya usajili yanapaswa kuingia HM Land Registry kabla ya kuisha siku 30 za kazi za ulinzi ambazo wakili aliziomba kabla ya kukamilisha, ili mwingine asije akasajili dai lake mbele yako. Muombe tarehe aliyoyatuma na namba ya maombi. Usajili wenyewe unaweza kuchukua miezi. Ukikamilika, nunua nakala ya rejista kwa pauni 7 na ulinganishe jina lako, herufi kwa herufi, na pasipoti. Majina yetu matatu hupangwa vibaya kwa urahisi, na ni afadhali yasahihishwe sasa kuliko siku utakapotaka kuuza.